Kwa mwenye sukari, stenti zote si moja



Ugonjwa wa sukari uko mu kambi zetu. Unaharibu mishipa pole pole, na siku moja mushipa unaopeleka damu ku moyo unaziba. Hapo munganga anasema: tutaweka stenti. Ni karesori kadogo ka chuma kanaoingizwa mu mushipa ili kuufungua. Stenti za siku hizi zimepakwa dawa, juu nyama isiote tena ndani na kufunga njia. Kwa mwenye sukari, njia hiyo inaziba tena mbio kuliko kwa mwingine.

Bengi banafikiri stenti ni stenti. Hapana. Mu India, kule bagonjwa bengi ba Congo banaenda kutafuta dawa, banganga balifuata bantu 1.830 benye sukari. Bamoja balipata stenti ya dawa paklitakseli, bengine ya everolimusi. Matokeo yalitoka mu 2015. Kisha mwaka moja, ku paklitakseli bantu 5,6 kwa 100 balikuwa balikufwa na moyo, ao balishikwa na moyo, ao balirudishwa kufungua mushipa ule ule. Ku everolimusi, 2,9 kwa 100. Damu kuganda ndani ya stenti: 2,1 kwa 100 upande moja, 0,4 upande mwingine.

Tena, kama mishipa mingi imeziba, stenti si njia pekee. Uchunguzi FREEDOM wa 2012, bantu 1.900 benye sukari, ulionyesha kisha myaka 5: kufwa, kushikwa na moyo ao kupooza, karibu 27 kwa 100 ku stenti, karibu 19 ku bale balipasuliwa kifua. Kupasuliwa kuliongeza kupooza, lakini kulipunguza kufwa. Mugonjwa ana haki ya kuelezwa njia zote mbili mbele ya kukubali.

Sasa tuseme haki. Code du travail ya 2002 inalazimisha patron kutunza mutumikaji na jamaa yake mpaka mwisho wa kontra. Lakini haisemi stenti gani. Mwenye kulipa ndiye anachagua, na mwenye kulipa anaangalia bei.

Na kontra ikiisha? Kisha stenti, mugonjwa anakunywa aspirini na klopidogreli pamoja, mara nyingi miezi 6 mpaka 12. Kuacha mbele ya wakati, bila munganga kukubali, kunaweza kugandisha damu mule ndani na kuua. Mutumikaji wa sous-traitance ambaye kontra yake inaisha kisha miezi 3, nani atamununulia dawa ya mwezi wa 4?

Kwa hiyo sisi ba sindikati tunaomba mambo matatu yaandikwe mu convention collective. Moja: munganga ndiye achague stenti, si biro ya manunuzi. Mbili: jina la stenti na la dawa yake liandikwe ku karatasi ya mugonjwa. Tatu: dawa ziendelee mpaka siku munganga aliyopanga, hata kontra ikiisha.

Bei ya dawa ya miezi michache ni kidogo mbele ya kile mutumikaji anatosha mu udongo kila siku. Delege akienda kusaini, aanze kutafuta mistari hiyo. Kama haiko, aweke bic chini.