Foto za kutengeneza kwa telefone: Kindu kati ya uzuri na uongo

Kijana wa Kindu anayependa kupiga foto hahitaji tena studio. Telefone moja, mega kidogo na programu ya bure vinatosha. Anapiga bibi-arusi kandokando ya Lualaba, anafuta pirogi iliyokuwa inavuka kwenda Alunguli, anaongeza mwanga, na foto iko tayari mbele ya feti kuanza. Lakini kidole kilekile kinachofuta pirogi kinaweza kufuta mtu, ao kuweka askari mahali ambapo hapakuwa na askari. Ndiyo maana mchezo huu wa vijana unagusa usalama wa watu wote.

Dolari ao bure?

Programu inayojulikana zaidi, Photoshop ya kampuni Adobe ya Marekani, ilitoka mwaka 1990. Tangu 2013, Adobe iliacha kutoa matoleo mapya ya kulipia mara moja tu: mtumiaji analipa kila mwezi, na kwa kawaida kwa karte ya benki. Kwa mtu anayeshika franga mkononi ao kwenye Airtel Money, mlango huo ni mwembamba. Hapo ndipo kopi za wizi zinapata njia, zinapita kwa kle USB toka ordinateri hadi ordinateri, na mara ingine virusi vinapanda pamoja nazo.

Iko njia ingine. GIMP, iliyoanzishwa miaka ya 1990 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, ni ya bure kabisa, na ikiisha kuwekwa haiombi intaneti. Kwa telefone kuna Snapseed, ya Google tangu 2012, nayo ya bure. Mahali kura inakosekana, kutengeneza foto kwa telefone iliyochajiwa na sola ni nafuu kuliko kutafuta mafuta ya jenereta.

Mpaka uko wapi?

Kuongeza mwanga ao kunyoosha foto iliyoinama hakudanganyi mtu. Kufanya ngozi ya bibi-arusi iwe nyeupe kuliko alivyo ni jambo la kuzungumza naye kwanza: wengine wanaomba, wengine wanakasirika. Lakini foto ikitoka kwenye albamu ya familia na kuingia katika habari, sheria zinabadilika.

Mwezi wa tatu 2024, mashirika makubwa ya habari, AFP, AP na Reuters kati yao, yaliondoa foto ya Kate, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, pamoja na watoto wake. Ilionekana kwamba imeguswaguswa. Yeye mwenyewe aliomba radhi na kueleza kwamba, kama wapiga foto wengi wasio wa kazi, anajaribu-jaribu kutengeneza foto. Mkono wa nguo ya mtoto tu ulitosha kuleta mashaka dunia nzima.

Kwetu, hatari ni kubwa zaidi. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, foto za vita zilijaa kwenye WhatsApp: za kweli, za zamani, za nchi ingine. Familia inaweza kukimbia ao kubaki kwa sababu ya foto moja. Sheria juu ya mambo ya numerike ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu pia anayepitisha habari ya uongo, siyo paka aliyeianzisha.

Cha kufanya

Mpiga foto achunge siku zote foto ya kwanza, ile isiyoguswa. Ndiyo ushahidi wake. WhatsApp inapotuma foto kwa njia ya kawaida, inaipunguza na kuondoa tarehe na mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama dokima, inabaki nzima.

Hapo kuna pande mbili. Kwa kuhakikisha tukio, habari hizo zinasaidia. Lakini kama ndani ya foto kuna mtu anayejificha, zinaweza kuonyesha nyumba alimo. Ni vizuri kufunga lokalizasyo ya kamera mbele ya kupiga.

Naye anayepokea foto ya kutisha aulize kwanza: imepigwa na nani, wapi, siku gani? Jibu likikosekana, foto ibaki kwake.