Dishi la Shamba, Duka la Kariakoo

Mtu anayejenga kijijini huja Kariakoo kufunga mzigo. Gerezani atachukua mabomba, vyuma vya kuchomelea na vipuri vya gari. Akikata kuelekea mitaa ya Aggrey na Msimbazi atapata simu, betri na vifaa vya umeme. Siku hizi kwenye orodha yake kumeongezeka kitu kimoja. Anataka intaneti ya kushuka moja kwa moja kutoka angani hadi kwenye paa la nyumba yake ya Namtumbo au Kibondo, asiendelee kungoja mnara. Huwa hasemi setilaiti. Anataja jina la kampuni: Starlink.

Jina hilo lina kisa chake katika ukanda huu. Nchi tunazopakana nazo ni nane. Rwanda ilianza kupata huduma hiyo Februari 2023, Kenya Julai mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha Msumbiji, Malawi na Zambia nazo zilikuwa zimeingia. Burundi ikafuata 2024. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo Machi 2024 ilikuwa imepiga marufuku vifaa hivyo, ikageuka na kutoa leseni Mei 2025. Kongo ilipofanya hivyo, waliobaki nje katika kundi hili la majirani walikuwa wawili tu, Uganda na Tanzania.

Ubishi wetu umekuwa ni kama leseni itolewe au la. Kwa maoni yangu swali hilo limechelewa. La kuuliza sasa ni nani anamlinda mnunuzi wa kijijini wakati leseni ikingojewa, na itakapotoka, iwe na masharti gani.

Tusizungumzie setilaiti kana kwamba ni mgeni. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009, intaneti ya Dar es Salaam yenyewe ilipita angani, kwa bei ambayo waliofungua intaneti kafe za kwanza mjini hawajaisahau. Benki, migodi na kambi za watalii hazikuwahi kuiacha. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, nchi ilisimama. Aliyekuwa na njia ya angani siku zile alifanya kazi yake kama kawaida. Kwa hiyo teknolojia hii tunaijua. Kipya ni kwamba imeshuka bei kiasi cha kumfikia mwenye nyumba.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo mnunuzi asipolielewa ataliwa. Setilaiti za zamani hukaa sehemu moja ya anga, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ndizo zinazolisha madishi ya televisheni yaliyojaa juu ya maghorofa ya Gerezani. Dishi la DStv hapa Dar huelekezwa karibu utosini, kwa sababu setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki na sisi tuko 39. La Azam hulala upande wa magharibi kufuata setilaiti ya nyuzi 7. Intaneti ya setilaiti za aina hiyo hufanya kazi, lakini kila neno husafiri umbali ule kwenda na kurudi, hivyo ukipiga simu ya video mnakatizana maneno kila mara. Starlink huruka chini sana, kama kilomita 550, na hazitulii mahali pamoja. Zinapita juu ya nyumba moja baada ya nyingine, na kifaa huhama kutoka hii hadi ile bila wewe kujua. Mawasiliano yanakuwa ya haraka. Lakini kifaa kinataka kuona anga pana, wala hakitosheki na tundu moja kati ya matawi. Mwembe ulioacha njia nyembamba ya dishi la Azam utakata intaneti hii kila baada ya dakika chache.

Hapo ndipo fundi dishi wetu anapohitaji kujifunza upya. Ile kazi ya kuzungusha dishi huku mwenzake akipiga kelele dirishani kwamba picha imekuja haina nafasi tena, maana programu ya simu inaonyesha pa kuelekeza. Kazi iliyobaki ni nguzo, waya na radi. Bomba imara la Gerezani, lililosimikwa kwa zege mahali pa wazi, ni bora kuliko kifaa cha bei kubwa kilichofungwa kwenye kenchi ya bati. Na kwa wanaokaa karibu na Ziwa Victoria, ambako ngurumo ni jambo la kawaida, waya wa ethi si wa kuruka.

Umeme ndio hesabu ambayo wauzaji wengi huikwepa. Kifaa cha kawaida cha Starlink hula wati 75 hadi 100. Kikiwashwa saa 24 kinafikia karibu yuniti mbili au zaidi kwa siku. Paneli moja ya sola ya wati 100, ambayo nyumba nyingi za vijijini zinajivunia, huvuna kiasi cha nusu yuniti siku ya jua kali. Kifaa kidogo, kile cha Mini, hula wati 25 hadi 40, na hicho angalau sola hiyo itakiwasha saa kadhaa za jioni, alimradi taa na televisheni zikubali kupumzika. REA imefikisha nguzo karibu katika vijiji vyote vya Tanzania Bara, lakini kijiji kuwa na umeme na nyumba ya pembezoni mwa kijiji kuwa na umeme ni mambo mawili. Asiyejumlisha gharama ya sola na betri hajapiga hesabu ya intaneti.

Tuje kwenye pesa. Kenya ndiyo jirani tunayeweza kusoma bei zake. Mwaka 2024 kifaa cha kawaida kilishuka kutoka karibu shilingi 90,000 za kule hadi kama 45,000, na ada ya mwezi ilikuwa 6,500. Ukikadiria shilingi moja ya Kenya kwa 20 za hapa, ni laki tisa za kuanzia na 130,000 kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kimekuwa 500,000 tangu Julai 2025, tena baada ya kupandishwa kwa zaidi ya theluthi. Hakuna mtumishi wa kima hicho atakayetoa robo ya mshahara wake kwa intaneti. Kilichowavuta Wakenya wengi ni kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300, yaani kama 26,000 zetu. Hicho kinaweza kushindana na bando.

Kenya ilitufundisha mengine mawili. Julai 2024 Safaricom iliiandikia mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ikitaka watoa huduma za setilaiti wasipewe leseni za kujitegemea, washirikiane na kampuni za ndani. Haikukubaliwa kirahisi, na miezi michache baadaye Safaricom hiyohiyo ikaongeza kasi ya intaneti yake ya nyumbani bila kupandisha bei. Mteja asiye na dishi akafaidika na dishi la jirani. Somo la pili ni la Novemba 2024, ambapo Starlink ilisimamisha kuunganisha wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa sababu ilijaa. Setilaiti hugawa uwezo wake kwa eneo, na palipo na watu wengi mgawo unapungua. Kwa hiyo mkazi wa Gerezani mwenye faiba mlangoni na 5G hewani hana sababu ya kuitamani. Inafaa kule ambako Kariakoo hupeleka mizigo.

Serikali nayo ina hoja zake, na si haki kuzipuuza zote. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka mtoa huduma awe na leseni na vifaa viidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Kampuni za simu zimelipia masafa, zinakatwa kodi, na Vodacom ililazimika kuuza hisa kwa umma mwaka 2017. Mgeni akiingia bila mzigo huo, wenye minara watauliza kwa nini waendelee kujenga. Na minara inajengwa: Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya minara 758 vijijini. Mnara mmoja huhudumia kijiji kizima, pamoja na mwenye kitochi. Dishi huhudumia aliyelinunua.

Lakini kuna hoja nyingine isiyotamkwa sana. Baada ya intaneti kuzimwa nchini Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ni vigumu kumshawishi mwananchi kwamba wasiwasi juu ya setilaiti ni wa kodi na masafa peke yake. Mtandao usiopita kwenye mikongo yetu ni mtandao usiozimika kwa swichi ya hapa. Kama hiyo ndiyo sababu, isemwe, ijadiliwe bungeni, tuione ina uzito gani mbele ya zahanati isiyoweza kutuma taarifa za mgonjwa.

Ukimya huu kuhusu leseni una gharama, na anayeilipa ni mnunuzi. Anayeuziwa kifaa kilichosajiliwa nchi jirani anauziwa kitu ambacho mwenye kampuni anaweza kukizima wakati wowote. Masharti ya kampuni yanamtaka anayekitumia nje ya nchi ya usajili zaidi ya miezi miwili abadili usajili, na Aprili 2024 ilitangaza kuwakatia wanaotumia katika nchi zisizo na leseni. Siku hiyo ikifika huna pa kulalamika: TCRA haikitambui kifaa, na aliyekuuzia hajawahi kukuandikia risiti ya EFD.

Leseni itolewe, basi, na itolewe na masharti yaliyochapishwa wazi: kodi ilipwe hapa, mteja awe na ofisi ya kulalamikia, mafundi wasajiliwe, na shule na zahanati zilizo mbali na minara ziunganishwe kwanza kwa gharama ya mtoa huduma. Kama jibu ni hapana, TCRA ichapishe sababu zake kwa Kiswahili.

Nawe unayekuja kufunga mzigo wiki hii, kabla ya kutoa laki tisa, ulizia kwenu kama mnara wa mfuko umeshawashwa. Mara nyingi ruta ya laini na antena ya nje iliyoinuliwa kwenye bomba refu humaliza tatizo kwa sehemu ndogo ya pesa hiyo. Usilipie kifaa cha setilaiti kisicho na kibali cha TCRA, hata muuzaji akikuonyesha kinavyofanya kazi hapohapo dukani.