Dawa ya Plaketi Haitoki kwa Babu Zetu

Kuna neno limeingia huku kwetu Nyamitaba na linatembea kama moto wa mabua. Wanasema ati babu zetu walikuwa na dawa ya kupandisha plaketi za damu. Linasemwa sokoni, linasemwa kwenye salongo, linasemwa mlangoni mwa kanisa watu wakitoka misa, na zaidi linatembea ndani ya simu. Mmoja anasema ni majani ya mpapai. Mwingine anasema ni majani ya avoka. Wa tatu anachemsha yote pamoja, anaongeza kitunguu saumu, anatia ndani ya chupa ya plastiki na kuuza. Na wote watatu wanamalizia namna moja: hii ni mapokeo yetu.

Sisi tunaoandika juu ya mapokeo tunakataa. Si kwa sababu tunadharau majani. Wanaotufahamu wanajua ni miaka mingapi tumekuwa tukiyatetea mbele ya watu wa hospitali. Tunakataa kwa sababu neno hilo ni uongo, na uongo huo unamkuta mtoto anayetoka damu puani nyumbani, mahali ambapo hapaswi kukaa hata usiku mmoja.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ndani ya damu kuna chembe nyekundu, zinazobeba hewa. Kuna chembe nyeupe, zinazopigana na magonjwa. Na kuna vipande vidogo sana, vinavyokimbilia mahali mshipa umepasuka na kuziba. Hivyo ndivyo wanganga wanaita plaketi, na vitabu vya Kiswahili vinaviita chembe sahani. Vinazaliwa ndani ya uboho wa mifupa, vinaishi siku 7 hadi 10, halafu vinakufa na vingine vinachukua nafasi. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 400,000 hivi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 50,000 mganga anaogopa kumpasua mtu huyo. Zikishuka chini ya 10,000 damu inaweza kuanza kutoka yenyewe, hata ndani ya kichwa, bila mtu kupigwa wala kuanguka.

Sasa tunauliza: babu gani wa Nyamitaba alihesabu vitu hivyo? Havionekani kwa macho. Hata leo vituo vingi vya afya vya milima yetu haviwezi kuvihesabu. Vina kipimo cha haraka cha malaria, vina mizani ya watoto, basi. Kusudi plaketi zihesabiwe inahitajika mashine, au hadubini na mtu wa labo mwenye mazoezi. Kwa hiyo jirani akikuambia kwamba plaketi za mtoto wake zilipanda kwa majani, muulize swali moja tu: nani alizihesabu, kabla na nyuma? Utaona anavyoanza kutazama pembeni.

Mkanganyiko huu unatoka kwa lugha yetu, tuseme ukweli. Sisi tunasema “damu iko kidogo” kwa mambo mawili yasiyofanana. Mtoto mweupe viganja, anayechoka na kupumua haraka, damu yake iko kidogo: chembe nyekundu zimepunguka. Huyo mama zetu walimpa sombe, lengalenga, maharagwe, na kama kuna namna, maini. Walikuwa na haki: ndani ya chakula hicho kuna vitu ambavyo mwili unatumia kutengeneza damu. Lakini mtoto mwenye vidoa vyekundu kama vya kuumwa na viroboto, visivyofutika ukivibonyeza, anayetoka damu kwenye ufizi, ugonjwa wake ni mwingine. Sombe haimsaidii kwa saa zile anazohitaji msaada. Neno moja likibeba magonjwa mawili, dawa ya huyu inapewa yule, na muuzaji wa chupa anafurahi.

Sasa mpapai. Kwanza, mti wenyewe asili yake ni Amerika. Ulifika Afrika kwa mashua za wageni kama vile muhogo na mahindi. Hilo si kosa, muhogo pia tumeufanya wetu. Lakini mpapai haupendi baridi ya Masisi. Tunauona ukizaa vizuri tukishuka upande wa Walikale, kwenye joto la msitu. Mapokeo ya milima yatajengwaje juu ya mti usiomea mlimani?

Habari ya majani yake na plaketi imetoka Asia, kwenye nchi zenye homa ya dengi. Mwaka 2013 wanganga wa Malaysia walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 228 wa dengi. Nusu walipewa maji ya majani mabichi ya mpapai kwa siku tatu, nusu hawakupewa. Waliopewa, plaketi zao zilianza kupanda mapema zaidi. Kutoka hapo habari ilivuka bahari. Dengi ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014, tena mwaka 2019, watu wengi huko walikunywa maji ya mpapai, na kutoka kule simu zimetuletea sisi. Ndiyo hiyo njia yake yote. Hakuna babu hata mmoja njiani.

Tena tusome jaribio lenyewe kama watu waliosoma. Lilionyesha hesabu imepanda upesi. Halikuonyesha kwamba waliokunywa walikufa kidogo kuliko wengine. Na dengi ina tabia yake: plaketi zinashuka siku chache, halafu zinapanda zenyewe mgonjwa akishapita mahali pa hatari. Kinachoua zaidi ndani ya dengi ni maji ya damu kuvuja nje ya mishipa hadi mwili unaanguka. Mgonjwa anaokolewa kwa kunyweshwa na kutiwa maji kwa kipimo, na kuchungwa usiku na mchana. Hesabu nzuri kwenye karatasi haizibi mishipa inayovuja.

Huku kwetu mshushaji mkubwa wa plaketi ni malaria. Wagonjwa wengi sana wa malaria plaketi zao zinapunguka, na malaria ikitibiwa zinarudi zenyewe ndani ya siku chache, mara nyingi wiki haijaisha. Hapo ndipo ujanja unapofanyika. Mgonjwa amemeza vidonge vyake vya kituo siku tatu, jioni anakunywa chupa ya majani ya jirani. Siku ya tano anasimama. Vidonge vimefanya kazi, mwili wake umefanya kazi, na sifa inakwenda kwa chupa! Kesho yake mtoto wa jirani anaugua, na anapewa chupa peke yake.

Tunajua jibu litakalokuja: “Ninyi mmekuwa wazungu, mnatukana miti.” Hapana. Sikilizeni miti ambayo kweli ni yetu.

Mubirizi unasimama karibu na nyumba nyingi za Masisi, mchungu kama nyongo. Wazee waliutumia kwa minyoo, kwa tumbo, kwa homa. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale huko Tanzania, ng'ambo ya Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyejua miti, walimwona sokwe mgonjwa akitafuna ubongo wa tawi la mti huo huo na kutupa maganda. Siku iliyofuata alikuwa na nguvu. Mzungu aliona sokwe anakula majani tu. Mtongwe ndiye aliyejua kwamba kwao hiyo ni dawa. Bila yeye hakuna habari.

Umuravumba je? Wakati wa kikohozi na homa, nani kwetu hajapewa umuravumba? Luc Van Puyvelde na wenzake waliofanya kazi Butare, Rwanda, waliuchunguza na kutoa ndani yake kitu kinachoua vijidudu. Waliandika hayo katika miaka ya 1980. Inyabarasanya, ile ambayo mbegu zake zinashika nguo shambani, wazee waliisugua na kuiweka juu ya jeraha kusudi damu isimame. Hapo, tazameni, babu zetu walikaribia kazi ya plaketi kuliko wauza chupa wote. Lakini waliiweka juu ya kidonda cha panga, mahali jicho linaona damu inasimama au haisimami. Hawakumpa mtu ainywe na kumwambia akae nyumbani.

Na kinini! Magome ya mti ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini, ukapandwa katika mashamba ya Kivu, na Pharmakina ya Bukavu imejulikana kwa kutengeneza dawa kutoka kwake. Anayesema hospitali haijui miti asome habari ya kinini. Na asiishie nusu ya habari: kwa watu wachache, kinini hicho hicho kinaamsha mwili kuharibu plaketi zake wenyewe, na zinaanguka kwa ghafula. Dawa ya mti inaweza kuokoa, na inaweza kuleta ugonjwa huu huu tunaouzungumzia. Sasa huyu anayechanganya majani matatu ndani ya chupa, bila kipimo, bila kuuliza mgonjwa amemeza nini asubuhi, anajua ameweka nini? Hata kitunguu saumu anachoongeza kusudi dawa iwe kali, kikitumiwa kwa wingi kinapunguza kuganda kwa damu. Anamwongezea mgonjwa wa damu kitu cha kuizuia damu isigande!

Kuna jambo zito zaidi, na hapa tutawaudhi hata baadhi ya wazee tunaowapenda. Yako mapokeo yetu ya kweli ambayo kwa mgonjwa wa plaketi ni kisu. Kuchanja chale na kufyonza damu. Kukata kilimi cha mtoto anayekohoa. Kung'oa vijino vya mtoto mchanga mwenye homa na kuhara, wakisema ni ibyinyo. Mtoto mwenye malaria kali, plaketi zimeisha, mtu anamfungua jeraha mdomoni kwa chuma! Damu itasimamishwa na nini? Tunatetea mapokeo, lakini hatutetei hilo. Limalizike.

Tena kuna karuho. Mtu akitapika damu, akitoka damu puani, watu hawaulizi damu yake ina nini. Wanauliza alikula wapi na nani alimpikia. Wanatafuta dawa ya kutapisha. Anatapishwa hadi mishipa ya koo inapasuka, na jirani maskini anatajwa mchawi. Ni nyumba ngapi huku zimegawanyika kwa sababu ya damu ambayo kipimo kimoja kingeeleza?

Wanganga wa hospitali nao wasicheke, zamu yao imefika. Mama akisema amempa mtoto majani, wengine wanamfokea mbele ya watu. Basi mama mwingine aliyekaa kwenye benchi anajifunza kunyamaza. Anaficha chupa ndani ya kitenge, na mganga anatibu bila kujua kilichomo tumboni mwa mtoto. Ufokaji huo ni mwenzake wa uongo, wanasaidiana. Tena kuna wale wa butike za dawa, wanaompa kila mwenye homa aspirini bila swali. Aspirini inazuia plaketi zisishikamane. Mwenye homa ya kutoka damu akipewa aspirini, amepewa adui.

Wengine wanatuambia: jani halidhuru, mwacheni mtu ajaribu. Loliondo, Tanzania, mwaka 2011, kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kiliuzwa shilingi 500, bei ya kila maskini. Kikombe chenyewe labda hakikumdhuru mtu. Lakini wako walioacha vidonge vyao vya ukimwi kwa sababu ya kikombe hicho, na gharama ikaanzia pale. Na sisi wa Kivu ya Kaskazini tuna somo la karibu zaidi. Mwaka 2018 Ebola ilipokuwa Beni, watoto wengi waliopelekwa kwa homa kwenye vile vituo vinavyochanganya dawa za kienyeji na sindano, waliambukizwa mle mle. Ebola nayo inashusha plaketi. Nyumba zilizopoteza watoto zinajua kama kujaribu hakudhuru.

Vita vimetutawanya mara nyingi, na wazee waliojua miti wamekufa mbali na miti yao, bila kijana pembeni wa kuonyeshwa jani. Hicho ndicho kilio chetu. Maarifa yenyewe yanazikwa, na nafasi yake inachukuliwa na chupa kutoka kwenye simu iliyovalishwa koti la babu. Mzee wa kweli alijua pia mgonjwa ambaye si wake: alimtazama na kusema, huyu mpelekeni. Neno hilo nalo ni la mapokeo, na wauza chupa hawalijui.

Kwa hiyo kitabu hiki hakitapokea maandiko yanayotaja dawa ya plaketi kama urithi wa Nyamitaba. Atakayeleta habari ya mubirizi, umuravumba au inyabarasanya alete jina la mti kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Kinyanga kama analijua, aseme ulitumiwa kwa ugonjwa gani, sehemu gani ya mti, na mzee gani alimfundisha. Na mwenye mtoto mwenye homa na vidoa, au anayetoka damu puani, kwenye ufizi au chooni, asimpe aspirini, asimchanje, amweke juu ya moto-pikipiki au kwenye kipoyi leo hii hii, amfikishe hospitali ya Mweso au iliyo karibu, na akifika aseme bila haya majani yote ambayo mtoto amekunywa.