Nairobi hadi Mombasa: Kwenda na Kurudi?

Aghalabu dereva hupanga kuondoka Nairobi alfajiri, atimize shughuli zake Mombasa na kurejea usiku uo huo. Hesabu yake ni ya kilomita, uchovu hauhesabu. Umbali ni takriban kilomita 480, hivyo kwenda na kurudi hukaribia 1,000, na sehemu kubwa ya barabara ina njia moja tu kila upande, njia wanayogawana na malori yaendayo Uganda. Reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 haikuyamaliza. Mpango wa busara ni kuitoa siku nzima kwa safari ya kwenda pekee: kupumzika Mtito Andei, karibu nusu ya njia, kufika jua lingalipo, na kulala. Mwenda pole hajikwai. Je, malazi ya usiku mmoja yana ghali gani mbele ya uhai?