Kitufe kikifichwa, asilaumiwe anayekitafuta
MEZA NA MASHINE, na Zuhura Makame

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, kila ofisi na kila steshenari yenye mashine za mfumo huo iko njia panda: ihamie Windows 11, iweke Linux, au ibaki na kompyuta ambayo usalama wake unahesabiwa siku. Wanaohama husema neno lilelile wiki ya kwanza, kwamba hii mpya ngumu, na fundi aliyewawekea huwajibu kwa neno moja: mtazoea. Jibu hilo silikubali, kwa sababu linamtwika mtumiaji mzigo usio wake. Karani aliyemaliza kazi zake jana bila kuuliza mtu, leo akikwama kwenye kutafuta faili, hajapungukiwa akili usiku mmoja. Kilichobadilika ni mfumo endeshi, na aliyeuchora ndiye wa kuulizwa kwanza.

Ushahidi mkubwa ni Windows 8, iliyotoka tarehe 26 Oktoba 2012. Kitufe cha Start, kilichokaa pembe ya chini kushoto tangu Windows 95, kiliondolewa, na mahali pa menyu pakawekwa ukurasa mzima wa vigae vya rangi uliobuniwa kwa ajili ya skrini za kugusa. Chukua kazi ndogo kuliko zote, kuzima kompyuta. Mtu mwenye kipanya alitakiwa apeleke kishale kwenye pembe ya kulia ya skrini, mahali pasipo na alama yoyote, asubiri safu ya vitufe itokeze, afungue mipangilio, abofye alama ya umeme, ndipo alione neno la kuzima. Hapakuwa na kitu mbele yake kilichomwonyesha kwamba safari inaanzia pembeni. Ni sawa na mlango usio na kitasa, halafu mgeni anatarajiwa ajue tofali la kusukuma. Oktoba 2013 Windows 8.1 ikakirudisha kitufe, na Julai 2015 Windows 10 ikairudisha menyu yenyewe. Kama tatizo lingekuwa uvivu wa watu kujifunza, kampuni yenye fedha na wataalamu kiasi kile isingerudi nyuma mara mbili.

Wapo watakaosema watu hulalamikia kila kipya, na kwamba hata Windows 95, ilipokuja Agosti 1995, ilikuwa ngeni kwa waliozoea Windows 3.1. Ni kweli ilikuwa ngeni. Lakini tazama ilivyompokea mtumiaji: kitufe kimoja, kimeandikwa Start, kiko wazi mbele ya macho saa zote. Asiyejua pa kuanzia aliambiwa pa kuanzia. Kitu kigeni na kitu kilichofichwa ni mambo mawili, na hoja ya "mtazoea" huyachanganya. Kigeni tunakizoea kwa sababu tunakiona kila siku. Kilichofichwa hakionekani, kwa hiyo kinatulazimu kukariri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfumo mpya ni mgeni ndani ya ofisi ya watu, na wenyeji wana haki ya kuuliza umekuja kuwaponya nini.

Kosa hili si la kampuni moja. GNOME 3, sura ya kompyuta inayotumiwa na matoleo mengi ya Linux, ilipotoka Aprili 2011 iliondoa kitufe cha kushusha dirisha, na kundi la Linux Mint likaona heri litengeneze Cinnamon, yenye menyu palepale chini kushoto ambapo mkono umeizoea. Windows 11 nayo, Oktoba 2021, iligeuza maneno ya kukata, kunakili na kubadili jina la faili kuwa vijipicha vitupu. Maneno yalirudishwa kando ya vijipicha hivyo mwaka 2024. Miaka mitatu ya kukisia, kwa maneno ambayo hayakuwa yamemkosea mtu!

Kwetu kukisia huko kunauma zaidi. Steshenari hulipwa kwa karatasi iliyotoka kwenye printa. Mteja amesimama kaunta, flashi mkononi, na foleni iko nyuma yake. Mhudumu anaposaka orodha ya printa ilikohamia, mteja anatazama duka la jirani. Windows 11 Home inataka intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, na kwa anayenunua bando hilo ni kiingilio cha mlangoni. Tena mashine nyingi huja zikizungumza Kiingereza, ilhali njia nyingine ilishaonyeshwa: mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili, mradi uliofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Simtetei anayeuhukumu mfumo kwa saa moja. Linux ikiomba nywila kabla ya kuweka programu, huo ni ulinzi, na taabu yake inastahili kuzoewa. Tofauti ni hiyo: taabu ya nywila inamlinda mtumiaji, taabu ya kitufe kilichofichwa haimpi chochote.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa wakuu wa ofisi na wenye steshenari wanaohamisha mashine mwaka huu. Msizibadili zote kwa siku moja, anzeni na moja. Mkalisheni mbele yake yule anayeitumia kila siku, mpeni barua aichape, aihifadhi kwenye flashi, aitoe kwenye printa, kisha azime mashine. Msimwelekeze. Kila anapokwama, andikeni kwenye karatasi, na karatasi hiyo mumpe fundi kabla hajagusa mashine ya pili.