Tuache Kulilia Urafiki wa Wenyewe

Unazijua zile video. Kijana aliyepona saratani ya damu amesimama uwanja wa ndege na bango, mlango unafunguka, anatoka mgeni aliyempa uboho, wanakumbatiana. Sisi huku tunafuta machozi ndani ya matatu, tunaisambaza, tunaandika "ubinadamu bado upo". Kisha tunashuka steji, basi.

Nimechoka na hayo machozi. Si kwamba urafiki ule ni wa uongo. Kwa kawaida, Marekani mtoaji na mgonjwa husubiri mwaka mzima kabla ya kujuana majina. Ujerumani ni miaka miwili. Kabla ya hapo ni barua zisizo na majina. Na wakikutana, mmoja amebeba damu ya mwenzake, hata aina ya damu yake huwa imegeuka ikawa ya mtoaji. Wazee wetu walichanjiana chale ili wawe ndugu. Hawa wamewapita.

Lakini urafiki huo una mlango wake, na mlango ni sajili. Ndugu yako wa baba na mama ana nafasi moja kwa nne tu ya kulingana nawe. Ukimkosa, unatafuta mgeni. Duniani waliojiandikisha wamepita milioni 40, ila wengi wana asili ya Ulaya, na ulinganifu hufuata asili. Kwa takwimu za sajili ya NMDP ya Marekani, mgonjwa mweusi ana takriban asilimia 29 ya kupata anayelingana naye kikamilifu. Mzungu ana 79. Sasa Mgiriama au Mturkana ataangukia wapi? "Damu haina kabila" ni maneno matamu ya jukwaani. Uboho unajua nyanya yako alitoka wapi.

Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye chuo. Ndugu zake watatu walipimwa, hakuna aliyelingana. Tukafanya tunachojua: grupu la WhatsApp, harambee, mia mbili kwa mia tano, "pole sana, tuko pamoja". Pesa zilipatikana. Mtu hakupatikana. Zilizobaki zilinunua jeneza. Grupu lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na hadi leo hatujui kama mmoja wao angemwokoa, kwa sababu hakuna aliyewahi kupimwa.

Utasikia msee akisema wanatoboa uti wa mgongo. Uongo. Mara nyingi unadungwa sindano siku kadhaa, kisha unakaa saa chache damu ikipita kwenye mashine. Njia nyingine ni kutolewa kwenye nyonga, ukiwa na nusukaputi. Uboho hujirudisha ndani ya wiki chache. Na kupimwa kwenyewe kunaweza kuwa ni pamba tu inayopitishwa shavuni.

Afrika Kusini walianza sajili yao mwaka 1991. Sisi tunatuma pesa hadi kijijini kwa sekunde, lakini wagonjwa tunawapandisha ndege hadi India na maombi. Tudai sajili ya umma, kila mtu ajue ilipo kama anavyojua kituo chake cha kupigia kura. Ikifunguliwa, tupange foleni. Kama foleni hiyo itakushinda, tafadhali usinitumie video nyingine.