Sheria bila kanuni ni karatasi

Judith Heumann wa Marekani, mtetezi wa haki za watu wenye ulemavu, alipofariki dunia Machi 4, 2023 akiwa na miaka 75, Ikulu ya nchi yake ilimmwagia sifa. Ni vyema. Lakini sehemu kubwa ya umri wake mama huyo aliimaliza akivutana na maofisa wa serikali, na hilo halifai kufunikwa na salamu za rambirambi.

Polio ilimpata akiwa mtoto mdogo. Alipopelekwa kuanza shule New York, mkuu wa shule alimkataa akidai kiti chake cha magurudumu ni hatari moto ukizuka. Mwaka 1970, akiwa amekwisha kusomea ualimu, bodi ya elimu ya jiji ikamnyima leseni kwa hoja ileile. Akaishtaki. Kesi ilipofika mbele ya Jaji Constance Baker Motley, bodi ikaona heri yaishe, na Heumann akaingia darasani kufundisha.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ilikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu wenye ulemavu. Ilikaa kabatini miaka minne, kwa kuwa kifungu chake cha 504 hakikuwa na kanuni, na pasipo kanuni hakuna ofisa anayejiona ana wajibu. Aprili 1977 Heumann na wenzake zaidi ya 100 waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco wakagoma kutoka, wakidai kanuni hizo zitiwe saini. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakapeleka ujumbe nje kwa lugha ya alama. Wanachama wa Black Panther, chama cha kutetea Wamarekani Weusi, wakawaletea chakula. Walikuwamo wasioweza hata kujigeuza bila kusaidiwa, nao walilala humo humo ofisini. Aprili 28 Joseph Califano, waziri aliyehusika, akazitia saini kanuni hizo. Kumbe kalamu ilikuwapo siku zote!

Hata baada ya ushindi huo, Desemba 2012 Seneti ya Marekani ilikataa kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kura 61 za ndiyo hazikufika theluthi mbili. Ni aibu. Kenya ilikwisha kuuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009.

Tusijipigie makofi. Mmarekani mwenye ulemavu akikuta ngazi tupu kwenye jengo la umma anaweza kwenda mahakamani kwa sheria ya nchi yake ya mwaka 1990, na mwenye jengo anajua hivyo. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Msomaji, ni mwajiri gani umewahi kusikia ameadhibiwa kwa kuikiuka? Kila Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, tunavaa fulana, tunapiga picha, tunarudi ofisi za ghorofani zisizo na lifti.

Tunamtaka waziri mwenye dhamana awataje hadharani waajiri wasiotimiza asilimia hiyo, akianza na taasisi za serikali.